Mbuzi Ndani ya Kompyuta

Kompyuta ililia kama mbuzi, na Machibya akatabasamu.

"Umeisikia?" akamwita mkewe. "Nikikosea jina la mwandishi kwenye marejeo, inalia. Nimeifundisha mwenyewe."

Dorotea alikuwa akichagua mchele aliotumiwa kutoka Magu. Akaja na ungo mkononi, akachungulia. Kioo cheusi, herufi za kijani, na juu kabisa mstari mmoja tu: tarehe ya leo.

"Na maneno yenyewe, Baba Precious?"

"Yanakuja. Kwanza chombo."

Chombo chenyewe kilikuwa programu ya kuandikia ambayo mtu huipanga apendavyo, na hii ilikuwa wiki ya tatu Machibya anaipanga. Kitufe kimoja kilimwaga "kwa mujibu wa". Kingine kilipanga tanbihi. Cha tatu kilikunja sura nzima kama mkeka, ila sura ya kukunja ndiyo haikuwepo.

"Kesho saa sita mchana ndiyo mwisho," Dorotea akasema. "Ikipita hapo, chuo hakipokei, kuhitimu mpaka mwakani. Na kule Igoma watu wameshashona vitenge vya sherehe."

"Najua."

"Ng'ombe wameshamleta, yuko uani huko huko anakula majani."

"Mama Precious, nimesema najua."

Alijua kweli, na moyo ulimuuma. Miaka minne ya kufuatilia dagaa kule mwaloni, mitumbwi ya wavuvi inakotia nanga, mvua na jua, halafu yote ikwamie mezani kwake? Si kwamba alikuwa mvivu. Alitaka tu kitu kitoke kisomi.

Asubuhi akakaa, akaandika mstari. Mbuzi akalia. Akaufuta. Akageuza herufi zikawa za bluu, maana huenda kijani ndicho kilichokuwa kinamchosha. Ilipofika saa nne akagundua kwamba kitufe cha kuhifadhi alishakipa kazi ya kuhesabu maneno. Maneno yalikuwa sita.

Dorotea akamwekea karatasi na kalamu mbele yake.

"Hii haina cha kupanga," akasema. "Andika."

Akaandika kwa mkono, jasho likimtoka, akikata na kurudia, hadi saa tano na nusu. Kisha akatoka nyumbani Buzuruga mbio juu ya bodaboda, karatasi ameibana kifuani kama mtoto mchanga.

Mlangoni mwa ofisi ya chuo alisimama msichana mmoja, macho mekundu, amekumbatia kitabu kinene chenye jalada jeusi. Alipomwona Machibya akapiga goti.

"Shikamoo, Dokta. Umeniandikia?"

"Marahaba, Winnie. Nimekuandikia."

Winnie akaziweka chini kurasa zake mia tatu na kumi na mbili za utafiti wa dagaa, akapokea kwa mikono miwili sentensi moja ya msimamizi wake: "Nimeisoma, inafaa."