Waziri, Punda wa Mama

Siku hizi, kwa sheria, vile unavyomtunza punda wako mzee ndivyo utakavyotunzwa wewe ukizeeka. Jicho la kioo lililotundikwa bandani huona kila kitu na kukiandika, na hakuna kinachofutwa.

Majirani wengi hapa Siyu hujipendekeza kwa jicho hilo. Mama yangu, Bi Esha, hakuwahi hata kulitazama. Punda wetu Waziri alipong'oka meno, Mama alimlowekea pumba kwa maji ya uvuguvugu mara nne kwa siku. Kila Ijumaa alimpapasa mbavu kwa kiganja kujua kama amekonda, kisha akachutama kumpunguza kwato, na magoti yake yale mabovu.

Juzi asubuhi Waziri alishindwa kuinuka. Daktari wa mifugo akampima, akasema hatasimama tena, na maumivu yake hayana dawa. Sindano ya kumpumzisha milele anayo, ila lazima mwenye punda atoe ruhusa kwa mdomo wake. Tangu sheria ianze, hakuna aliyethubutu. Kwa jirani yetu yuko punda aliyelala ubavu mwezi wa tatu sasa, na analishwa vizuri sana.

"Mama, jicho linasikia," nikamnong'oneza.

"Na lisikie." Akampakata Waziri kichwa, akamkuna nyuma ya sikio, pale anapopapenda. "Mchome sindano, daktari."

Sijaona mtu jasiri kama yule. Taa ndogo ya jicho ikawaka kijani: imeshaandikwa.

Mama akaniangalia. "Siku yangu ikifika, mwanangu, wewe ndiye utakayeulizwa. Usisite. Na usisahau kunikuna."