Pete Juu ya Kadi

Honi ililia tena getini. Mwalimu Rukia alijua ni mumewe, amekuja kumrudisha kwenye nyumba aliyoikimbia, lakini hakuchungulia dirishani. Kwa wasiwasi alikuwa amesahau sarafu ya jaribio, basi akavua pete ya ndoa, akaiweka juu ya kadi iliyofunika glasi, kisha akaichomoa kadi kwa ghafla. Pete ikatumbukia ndani ya glasi.

"Mbona pete haikuifuata kadi?" akauliza, mguu wake ukigonga sakafu bila kukoma.

"Kadi imevutwa ghafla mno, Mwalimu," akajibu Mwanaidi wa dawati la mbele. "Ingevutwa polepole, pete ingeifuata."

Honi ikanyamaza. Kule getini mumewe akaanza kumwita kwa upole, kwa lile jina la utani la enzi za uchumba. Rukia akaing'ang'ania meza kwa mikono miwili.