Mkanda wa Tano

Mlango wa saba ulipoanza kufunguka, ukuta wa sinema ukawa mweupe tena. Watazamaji wakaguna. Kila Jumamosi alasiri mambo yalikuwa yale yale: kijana anategua vitendawili vitatu vya bibi kizee, anavuka mto wa moto, anamlaghai zimwi, anaufikia mnara wa milango saba alimofungiwa binti mfalme, kisha basi. Mkanda wa tano, wenye mwisho wa picha, ulikuwa umepotea mwaka wa sita sasa.

Ndani ya kibanda cha tiketi, binti wa mwenye sinema aliisikia miguno hiyo akaegemea ukuta. Baba yake alimfungia kwa kufuli la nje, eti wahuni wasimsumbue, na kufuli halikufunguliwa mpaka watu waishe. Dirisha lilikuwa na nondo. Kiti kilikuwa kifupi, kwa hiyo alikuwa amekiinua kwa vikorokoro vya stoo na kuweka mto juu yake. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na kibanda kile kilikuwa kimemchosha hadi kwenye mifupa.

Mkanda ulipopotea, baba aliapa mbele ya ukumbi mzima kwamba atakayeuleta ndiye atakayemwoa binti yake. Na mzee yule akisema, amesema.

Wachumba wakashika njia. Muuza mbao alirudi na picha ya mieleka. Mwalimu alirudi na tangazo la sabuni. Wote walipita pale dirishani bila hata kugeuza shingo, wakaenda moja kwa moja kwa baba.

Leo alikuwa amerudi fundi saa, baada ya miezi kumi na mmoja, soli zimekwisha, kopo la bati la duara kwapani. Binti alimpenda huyu, tangu siku alipomfufulia saa ya marehemu mama yake. Lakini naye alipita kama wenzake. Binti alishika nondo, akafumba macho, akaomba kimoyomoyo.

Mashine ikanguruma. Ukumbi ukanyamaza. Kisha watu wakaangua kicheko: ilikuwa picha ya kufundisha kunawa mikono.

"Pole, kijana," sauti ya baba ilisikika. "Katafute tena."

"Nimetafuta kila mahali, mzee. Nimeshindwa."

Watu wakatawanyika. Fundi saa alitoka wa mwisho. Alifika mlango wa nje, akasita, akarudi, akainama mpaka uso wake ukafika usawa wa dirisha.

"Samahani, dada. Karibu mwaka mzima nimezunguka nikiuliza watu, na wewe sijakuuliza kitu. Hivi, wewe mwenyewe unataka nini?"

Binti aliinua uso akamtazama. Hilo hakuwahi kuulizwa na mtu, hata na baba.

"Subiri," alisema.

Akainuka. Akauondoa mto kitini, akalipangusa vumbi kopo la bati la duara, lenye namba tano, lililokuwa chini yake, akalisimamisha upande na kulipitisha katikati ya nondo.

"Mpelekee baba," alisema. "Na ukirudi, uje na ufunguo."