Supu ya Moto

Eunike alimpeleka mama yake, Bi Kezia, kula chakula cha jioni katika mkahawa wa mapishi ya Kiskoti, uliojaa picha za kuchora kila ukuta. Supu ya kondoo na shayiri ilipoletwa, Bi Kezia aliinusa, akatabasamu. Ndiyo ile ile aliyowapikia wamisionari miaka ishirini, enzi zile akiimba peke yake jikoni. Kwa mazoea akainuka, akashika upawa.

“Keti, Mama. Leo unapakuliwa wewe.”

Akaketi.

“Unajua, mwanangu, mimi nimeizoea ikiwa imepoa. Nilikula iliyobaki, wao wakishamaliza.”

Eunike akampakulia, akamsogezea bakuli. “Basi hii ingali ya moto.”

Bi Kezia akainama. Mvuke ukafunika miwani yake, wala hakuifuta.