Bango Linalotazama Dirisha

Sheria ya jiji ilikataza pazia kwenye dirisha lolote linalotazamana na bango la matangazo. Mwanaidi alivumilia mpaka mwanawe mchanga, Shaweji, alipokesha usiku wa tatu akilia kwa mwanga wa bango. Akatundika kitenge. Kabla chai haijachemka, mlango uligongwa.

"Mama, bango linasema halimwoni mtoto," alisema askari wa jiji kwa upole.

"Limejuaje nina mtoto?"

"Kitoe tu, mama."

Akakitoa, mtoto akaanza kulia tena. Kwenye bango ukatokea uso wa mwanamke anayetabasamu, ukaita, "Shaweji!" Mtoto akanyamaza, akacheka. Mwanaidi akamnyakua, akamgeuzia ukutani. Shaweji akaangua kilio, akijipinda mikononi mwa mama yake kumtafuta yule mwanamke.