Lenzi Isiyojua Kupamba

Siku hizi hakuna kioo cha kujitazamia. Kila nyumba ina kamera ukutani, nayo hufuta makunyanzi, makovu na mabaka kabla ya kukuonyesha sura yako. Ndiyo sheria, na kumtajia mtu alama zake ni mwiko.

Mjukuu wangu Salha ametimiza miaka ishirini bila kuliona baka jeusi lililo shavuni mwake, dogo kama kunde. Mama yake alikuwa nalo papo hapo, na alifariki Salha angali ananyonya. Nilitaka amwone mama yake usoni mwake kabla sijafumba macho.

Nikatoa lenzi ya marehemu mume wangu, aliyekuwa mpiga picha pale Kondoa, nikaifunga kwenye kamera mpya ya Salha. Kamera ikaandika: "Lenzi haitambuliki." Haikujua irekebishe nini.

"Kitendawili, mke mwenzangu!"

"Tega, Bibi."

"Jicho la babu yako halina kope, na likisimulia haliongezi chumvi."

"Si hilo lilenzi lako lenye ukungu! Hebu piga, shingo inaniuma na chai yangu inapoa."

Nikazungusha pete polepole mpaka nikaweza kuhesabu kope zake, kama marehemu alivyonifunza mikono yake ikiwa juu ya yangu. Nikabonyeza.

Salha akaitazama picha, akapapasa shavu.

"Baka hilo ni la mama yako," nikamwambia.

"Kumbe siku zote unaniona hivi?"

"Siku zote."

"Na watu wote?"

"Na wote."

Akavuta mtandio hadi shavuni, akamalizia chai yake akiwa amenigeuzia shavu la pili.