Firigisi ya Mwenye Boma

Mkewe Wepukhulu aliopoa firigisi kwenye bakuli la kuku, akaipitisha mbele ya mumewe na kuiweka kwenye sahani ya kifungua mimba wao.

Kwao Bungoma, firigisi ni ya mwenye boma. Mtoto huirithi baba akishazikwa.

“Kwani mlinizika lini?” Wepukhulu aliuliza.

“Si daktari alikataza, mzee? Ati ndiyo inakuvimbisha mguu.” Mkewe aliurudisha upawa bakulini.

Chini ya meza, kidole gumba cha mguu wa Wepukhulu kilikuwa kimevimba hadi kinang'aa, hakigusiki hata na soksi.

Kijana alisukuma sahani taratibu kuelekea kwa baba yake, macho chini.

Wepukhulu akaichukua firigisi, ingali inafuka mvuke.

“Dawa muilete hapa karibu,” akasema, akafungua kinywa.